LibreOffice Writer kwenye meza ya mchapaji: tathmini ya mikato yake ya kibodi

Anayechapa kazi za watu katika steshenari za Malimbe au Nyegezi haipimi programu ya kuandikia kwa uzuri wa sura yake, bali kwa muda unaopita tangu mteja anapokabidhi flashi hadi karatasi zinapotoka kwenye printa. Kwa kipimo hicho ninaitathmini LibreOffice Writer, programu ya bure iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010 na ambayo inasimamiwa na The Document Foundation. Nitajikita katika mikato ya kibodi ya kupangia maandishi, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja badala ya kutumia kipanya, na nitailinganisha mara kwa mara na ile ya Microsoft Word, kwa sababu ndiyo programu ambayo wachapaji wengi wa hapa Mwanza walijifunzia kazi.

Mikato ya msingi haina tofauti. Ctrl+B hukoleza herufi, Ctrl+I huzilaza, Ctrl+U huzipigia mstari. Ctrl+L, Ctrl+E, Ctrl+R na Ctrl+J huipeleka aya kushoto, katikati, kulia, au huisawazisha pande zote mbili. Shift+F3 hubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo na ndogo kuwa kubwa, nao ni mkato unaookoa muda mwingi pale mteja anapoleta barua nzima aliyoiandika kwa herufi kubwa tupu. Mpaka hapo anayehama kutoka Word hatasikia badiliko lolote.

Badiliko linaanzia kwenye tarakimu. Katika Word, Ctrl+1 huweka nafasi ya mstari mmoja kati ya mistari, Ctrl+2 huweka nafasi mbili, na Ctrl+5 huweka moja na nusu. Katika Writer, vitufe hivyohivyo hugeuza aya kuwa kichwa cha habari cha ngazi ya kwanza, ya pili, na kuendelea hadi ya tano, ilhali Ctrl+0 huirudisha kuwa aya ya kawaida. Mchapaji aliyezoea kubonyeza Ctrl+2 ili kupanua mistari ya tasnifu atashangaa kuona aya yake imevimba na kukolea kama kichwa cha sura. Wapo wanaoihesabu tofauti hii kuwa kasoro. Mimi naiona ndiyo sababu kubwa ya kuichagua programu hii kwa kazi ndefu.

Tasnifu ya mwanafunzi ina sura, vifungu na vifungu vidogo, na desturi ya wengi wetu ni kukichagua kila kichwa kwa kipanya, kukikoleza, kukiongezea ukubwa, kisha kurudia hayohayo ukurasa baada ya ukurasa. Msimamizi akiagiza vichwa vyote vya sura viwe katikati na kwa herufi kubwa, kazi inaanza upya. Aliyetumia Ctrl+1 na Ctrl+2 tangu mwanzo hubonyeza F11 ili kufungua orodha ya mitindo, yaani mipangilio ya sura ya maandishi iliyopewa majina, huubadilisha mtindo wa kichwa mara moja, na vichwa vyote vinafuata. Isitoshe, jedwali la yaliyomo hutengenezwa na programu yenyewe kutoka kwenye vichwa hivyo, pamoja na namba za kurasa, hivyo hakuna haja ya kuchapa misururu ya nukta kwa mkono na kuzirekebisha kila ukurasa unapoongezeka. Word nayo ina mikato ya vichwa, yaani Ctrl+Alt+1 hadi Ctrl+Alt+3, lakini imewekwa mbali na vidole, na ni wachapaji wachache niliowaona wakiitumia.

Kipimo cha pili kiwe ripoti ya uvuvi, kwa kuwa kandokando ya Ziwa Victoria kazi za namna hiyo ni nyingi. Majina ya kisayansi ya samaki huandikwa kwa herufi za mlazo: sangara ni Lates niloticus, sato ni Oreochromis niloticus, na dagaa wetu ni Rastrineobola argentea. Katika ripoti ndefu majina haya hujirudia kila ukurasa, na kuyalaza moja baada ya jingine ni adhabu. Njia nyepesi ni kufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl+H, kuandika jina la samaki, kubonyeza kitufe cha kutafuta yote, kulifunga dirisha, kisha kubonyeza Ctrl+I. Kila mahali jina lilipo litakuwa limeshachaguliwa na litalala kwa pamoja. Kwa eneo la ziwa, kilomita za mraba 68,800, ile mbili ya km² hupandishwa kwa Ctrl+Shift+P, na nne ya fosfeti (PO₄) katika sehemu ya ubora wa maji huteremshwa kwa Ctrl+Shift+B. Word hutumia alama ya sawasawa kwa kazi zote mbili, Ctrl pekee kwa kuteremsha na Ctrl pamoja na Shift kwa kupandisha. Katika hili naipa Word alama zaidi, kwani mikato yake miwili inafanana na hukaa akilini kwa urahisi.

Kisha kuna usafi. Siku hizi maandishi mengi hufika yakiwa yamenakiliwa kutoka WhatsApp au kwenye tovuti, yakija na fonti, rangi na ukubwa wa huko yalikotoka. Ctrl+Alt+Shift+V huyabandika matupu, bila mapambo yake. Ni vitufe vingi kwa mkono mmoja, ila thamani yake inaonekana mapema. Kama maandishi yameshabandikwa, yachague na ubonyeze Ctrl+M, nayo yatavuliwa mapambo yote yaliyowekwa moja kwa moja juu yake, huku mtindo wa aya ukibaki. Angalizo ni kwamba Ctrl+M haibagui: itafuta pia mlazo wa Lates niloticus, kwa hiyo usafi utangulie na mlazo ufuate. Aliyetoka Word akumbuke pia kwamba kule Ctrl+M husogeza aya ndani, na Ctrl+D, ambayo kule hufungua dirisha la fonti, huku hupiga mistari miwili chini ya maneno.

Kwa asiyetaka kujifunza upya, Writer inaruhusu karibu mikato yake yote kubadilishwa. Kwenye menyu ya zana kuna sehemu ya kubinafsisha, na ndani yake ukurasa wa kibodi, ambapo amri yoyote hupewa vitufe unavyovitaka. Mpangilio huo huhifadhiwa kama faili na kupakiwa kwenye kompyuta nyingine, jambo linalofaa sana katika steshenari yenye mashine kadhaa na vijana wanaopokezana zamu. Ushauri wangu ni kuziacha tarakimu za vichwa kama zilivyo na kutafutia nafasi ya mistari vitufe vingine, kwa kuwa nafasi hiyo huwekwa mara moja ndani ya mtindo na haihitaji kuguswa tena.

Udhaifu wa programu uko kwenye faili za watu. Barua na tasnifu zilizoandikwa kwa Word hufunguka vizuri kwa kawaida, na fonti ya Liberation Serif, inayokuja na programu, ina vipimo vya upana sawa na Times New Roman, hivyo mistari hukatika palepale hata kama mashine haina fonti yenyewe. Fomu zenye majedwali yaliyobanana na visanduku vya maandishi ndizo zinazoweza kusogea, na hapo hakuna mkato wa kibodi utakaosaidia. Duka ambalo sehemu kubwa ya kazi yake ni kujaza fomu zilizotengenezwa na wengine litaihitaji Word. Duka linalochapa tasnifu, mihtasari ya vikao na ripoti kuanzia ukurasa wa kwanza na kuzichapisha hapohapo, kama yalivyo mengi ya Malimbe, litafanya vyema kuiweka Writer kwenye kila mashine. Kifurushi chake ni cha mamia ya megabaiti, lakini kikishapakuliwa mara moja, kompyuta nyingine zinaweza kusakinishiwa kwa flashi bila kutumia bando.