Kliniki ya afya ya akili ya mkoa wetu: maoni ya ndugu wa mgonjwa

Kwa miaka 6 nimekuwa nikimpeleka mdogo wangu, anayeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Nawaandikia hasa ndugu waliokwisha kuchoka, wanaojiuliza kama kuna faida ya kuendelea kuhudhuria ilhali ugonjwa hauishi.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni kikao cha ndugu wa wagonjwa, kinachofanyika asubuhi ya siku ya kliniki kabla daktari hajaanza kazi. Hapo ndipo nesi alipomuuliza mama yetu humjibu nini mwanawe anapolalamika kwamba majirani wanamsema ukutani. Mama akasema humwambia, "Acha uongo, hakuna mtu." Nesi akamweleza taratibu kwamba mgonjwa huzisikia sauti zile kama sisi tunavyosikia redio, na kwamba kumbishia humzidishia woga. "Mwambie, mama: mimi sizisikii, mwanangu, lakini naona zinakusumbua, njoo ukae nami." Baadaye nilisoma kwamba mtafiti George Brown na wenzake, kule London, walibaini kuwa wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi waliugua tena zaidi kuliko wenzao. Nililia, maana kwa miaka tulimwita mvivu, kumbe kukosa ari ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Sindano ya flufenazini, dawa ya skizofrenia anayochomwa kila baada ya wiki 4, ilimaliza ugomvi wa vidonge, ambavyo alikuwa akivificha chini ya ulimi na kwenda kuvitema nyuma ya choo. Ilimkakamaza mwili, mikono ikatetemeka hadi chai ikawa inamwagikia mapajani. Tuliporudi kueleza, alipewa vidonge vya Artane vya kupunguza mkakamao na mtetemeko huo, na sasa anashika kikombe mwenyewe.

Lawama yangu ni dawa kuisha. Mwaka jana tulikuta mara 2 dirisha la dawa halina sindano. Mara ya pili hata maduka ya mtaani hayakuwa nayo, na kufikia wiki ya saba mdogo wangu alikuwa halali, ameziba madirisha kwa mashuka, wala hataki chakula alichokipika mama. Namba zetu za simu zimo kwenye mafaili. Kupigiwa simu wiki moja kabla kungetupa nafasi ya kuitafuta mapema. Pia benchi la kusubiria liko kando ya njia ya wapita njia wote, na wapo wagonjwa wanaogoma kuja kwa sababu ya aibu hiyo tu.

Pamoja na hayo, nawashauri muende. Fikeni kabla ya saa 2 asubuhi, mkiwa na daftari mlimoandika amelala saa ngapi na amekula nini, kwa sababu daktari huuliza hayo kwanza. Msimwachie mama peke yake. Sisi tulianza zamu, ndugu watatu. Na hata mgonjwa akikataa kutoka nyumbani, njoni ninyi kwenye kikao, mtaruhusiwa kukaa.