Kupima damu na kuchanja ng'ombe dhidi ya brusela, Uyui: uzoefu wangu

Huduma hii nitailipia tena, ila kilichotufaa zaidi si sindano ya chanjo, ni karatasi ya majibu ya damu. Huku Uyui, mkoani Tabora, mfugaji akisikia brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha ng'ombe mimba na kuambukiza hata watu, anauliza chanjo bei gani. Chanjo haimponyi ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa. Ukichanja bila kupima, umemkinga mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, halafu umemlaza zizi moja na ng'ombe anayemwaga vimelea kila anapozaa au kutupa mimba.

Zizi letu ni la ukoo: wapo ng'ombe wa mama mkubwa, wa kaka, wangu wachache, na wale wa mnadani ambao historia yao anaijua aliyewauza. Mimba zilikuwa zinatoka zikiwa za miezi sita, saba, na mara nyingine kondo linabaki ndani mpaka linanuka. Sababu zilitajwa nyingi. Mbung'o, maana tunalisha kwenye miombo na nagana, ugonjwa wanaoueneza hao mbung'o, nayo hutupisha mimba. Ukame. Mzee mmoja jirani alimtaja mtu kabisa, ikabaki kidogo tugombane mtaa mzima. Hapo ndipo nilipowaambia wenzangu tupime.

Mtaalamu tuliyemwita ni wa binafsi, anatoka Tabora mjini kwa pikipiki. Alifika ng'ombe hawajafunguliwa, jambo jema, kwa sababu wakishatoka kwenda malishoni siku imekwisha. Damu alichukua shingoni, kila kichupa kikaandikwa namba ya hereni ya ng'ombe husika. Wasio na hereni aliwaandika rangi, pembe na jina la mwenye mali. Vichupa viliachwa vimesimama kivulini hadi damu ikaganda na maji yake ya juu, yaani seramu, yakajitenga.

Kipimo chenyewe kinaitwa Rose Bengal, naye alikifanyia palepale mbele yetu. Tone la seramu kwenye kigae cheupe, pembeni yake tone la dawa ya rangi ya waridi yenye vimelea vya brusela vilivyouawa. Anachanganya kwa njiti, anatikisa kigae taratibu kwa dakika 4. Seramu isiyo na kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza ukikutana na ugonjwa, inabaki laini; yenye nazo inakatika punjepunje kama maziwa yaliyoharibika. Kaka, ambaye alikuja na maneno yake, alinyamaza alipoona tone la ng'ombe wake anayempenda kuliko wote limekatika. Sampuli zilizokatika zilikwenda maabara kuthibitishwa kwa elaiza, kipimo kingine cha kingamwili, maana Rose Bengal peke yake inaweza kumsingizia ng'ombe mzima.

Majibu ya maabara ndiyo yaliyochosha. Nilipiga simu mpaka nikaona haya, na mara ya kwanza nikasomewa namba kwa sauti tu. Nilikataa. Ng'ombe huwezi kumpeleka machinjioni kwa ujumbe wa sauti. Nilitaka karatasi yenye namba za hereni, na baadaye ikaja.

Kwenye chanjo mtaalamu alitupinga, na nampa heko kwa hilo. Tulitaka wachanjwe wote. Yeye alichanja mitamba ya kati ya miezi 3 na 8 tu. Chanjo ya S19 ni vimelea hai vilivyopunguzwa makali: ng'ombe mwenye mimba anaweza kuitupa kwa chanjo yenyewe, dume linaweza kuvimba korodani, na ng'ombe mkubwa akichanjwa kingamwili zinakaa muda mrefu kiasi kwamba ukimpima baadaye hujui ni ugonjwa au ni chanjo. Vijana wa kuchunga walimcheka alivyovaa glavu na miwani. Akawaambia sindano ile ikimchoma mtu, huyo mtu naye anaweza kuugua brusela. Kicheko kikaisha.

Waliothibitika hawakutibiwa. Dawa hazimsafishi ng'ombe kwa uhakika, kwa hiyo tulikubaliana wachinjwe kwa ukaguzi, wasirudishwe mnadani kumwangukia mwenzetu. Mama mkubwa aliumia, na hasara ni hasara. Maziwa sasa yanachemshwa kabla ya kugandishwa mtindi, kwani mtindi wa maziwa mabichi hauwi salama kwa kuwa mchachu. Na waliokuwa wanavuta kondo mikono mitupu, wakiwa na homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo huku malaria haionekani, mtaalamu aliwahimiza wakapime hospitali. Matibabu ya binadamu ni dawa mbili pamoja kwa wiki 6, si vidonge vya siku tatu.

Bei ndiyo lalamiko langu jingine. Tulielewana bei kwa kila ng'ombe, halafu yakaongezeka mafuta ya pikipiki, barafu ya kubebea chanjo na ada ya maabara. Si kwamba havina haki. Chanjo ikipata joto imekufa. Ila vitajwe kwenye simu ya kwanza. Kibanio cha kumshikilia ng'ombe pia tulijenga wenyewe usiku wa mwisho, kwa miti, kwa kuwa hakuna aliyetuambia mapema.

Ukimwita mtaalamu, patana naye moja kwa moja bei ya kurudia kupima. Ng'ombe aliyetupa mimba karibuni anaweza kuonekana mzima kwenye kipimo leo, na tone lake likakatika baada ya wiki chache. Sisi tunaye mmoja wa hivyo, tumemfunga peke yake nyuma ya nyumba, na upimaji wake wa pili tumetajiwa bei mpya.