Fox 40 Classic kwa kozi ya waamuzi wa shule: filimbi nzuri, ila usiipulizie darasani

Angalia bajeti ya kozi ya waamuzi kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Fulana zipo, vyeti vipo, bango lipo, maji na posho vipo. Filimbi huandikwa chini kabisa, "filimbi 5", halafu walimu 30 wanazipokezana mdomo kwa mdomo uwanjani. Mwalimu anarudi shuleni kwake akiwa amepuliza mara tatu nne kwa siku zote za mafunzo. Sheria anazijua, lakini mechi ya kata ikianza, filimbi yake inalia kama ya mtu anayeomba radhi.

Hapa tunaiangalia Fox 40 Classic kwa kazi hiyo moja tu: kuwafundishia waamuzi wapya wa sekondari, siku tatu, washiriki 30, soka na netiboli, na wavu kidogo. Jibu la haraka ni kwamba inunuliwe, moja kwa kila mshiriki na nne za akiba, hata kama bango litakosekana. Lakini ina mambo yake, na mengine yanataka uyapangie kabla kozi haijaanza.

Filimbi hii ilitokana na udhia wa mwamuzi. Ron Foxcroft, Mkanada aliyekuwa akichezesha mpira wa kikapu, filimbi yake ilikwama kwenye mechi nchini Brazil mwaka 1984. Akamtafuta mbunifu Chuck Shepherd, na mwaka 1987 filimbi isiyo na gololi ndani ikaingia sokoni. Mwaka huohuo ikatumika kwenye michezo ya Pan American kule Indianapolis. Ndani yake kuna vyumba vitatu vya hewa, kila kimoja na noti inayotofautiana kidogo na mwenzake. Noti hizo zikikutana angani ndipo unapopata ule mlio unaotetema, ambao kwenye filimbi ya zamani huletwa na gololi inayozunguka. Mtengenezaji anaitaja kuwa na desibeli 115, desibeli zikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti.

Kwa mwanagenzi, kukosekana kwa gololi ndiyo faida kubwa. Refa mpya akiona faulo ndani ya eneo la hatari hupata mshtuko na kupuliza kwa nguvu zake zote. Filimbi ya gololi ikipulizwa hivyo hukaba: gololi inagandamizwa na hewa, haizunguki, na sauti inakufa wakati inapohitajika zaidi. Mate nayo yana shida yake, maana gololi ya kizibo ikilowa huwa nzito. Fox 40, kadiri unavyoongeza pumzi ndivyo inavyopaa. Maji yakiingia, pulizo moja linayatoa. Vumbi la viwanja vyetu likijaa, suuza bombani uendelee.

Upande wa pili, inataka pumzi. Ukiipuliza kilegevu inatoa sauti nyembamba, iliyokatika, kwa sababu vyumba vyote vitatu havijaamka. Wengine huuita huo udhaifu. Kwa kozi naona ni sifa, kwa kuwa mkufunzi anasikia papo hapo nani anapuliza kwa mashavu na nani kwa tumbo. Kasoro ya kweli ni mdomo wake: plastiki ngumu, inayoteleza ikishalowa mate. Anayekimbia nayo mdomoni ataishia kuiuma kwa nguvu mpaka taya liume. Ipo aina ya CMG yenye mpira laini sehemu ya kuuma. Ni tamu mdomoni, ila mpira huo hushika uchafu na huchanika kabla filimbi yenyewe haijachoka. Kwa mafunzo, ya kawaida inatosha.

Sasa feki, maana zimejaa. Ukikuta inauzwa bei ya soda mbili, jua hiyo siyo. Maandishi ya jina hayasaidii, yanaigwa vizuri sana. Pitisha ukucha kwenye mshono wa plastiki. Ukikwama, au ukiona gundi imefurika nje, hewa itavuja hapo. Kisha ziba matundu ya kutokea hewa kwa vidole, uache moja moja wazi, na upulize. Kila chumba kinatakiwa kulia chenyewe na kwa noti yake. Kwenye feki kimoja huwa bubu, au viwili vinatoa noti ileile, ndiyo maana mlio wake hutoka umenyooka kama mluzi, hautetemi. Ukiwa dukani utauona unatosha. Ukiwa mita 60 uwanjani, wanafunzi wanashangilia na kupiga madebe, haufiki. Kagua zote 34, usikague mbili ukachukua boksi zima. Zilizochanganywa huwa katikati.

Kupuliza kwenyewe kufundishwe alasiri ya siku ya kwanza, wakati miguu bado mizima. Kozi nyingi huweka siku mbili za darasani na kubakiza "vitendo" asubuhi ya mwisho, huku mgeni rasmi akisubiriwa. Hapo hakuna anayejifunza kupuliza. Shika filimbi kwa meno ya mbele, midomo iifunge pande zote, ncha ya ulimi izibe tundu. Jaza hewa kutoka tumboni, kisha ondoa ulimi ghafla kama anayetamka "tu". Kukata sauti, rudisha ulimi palepale. Anayekata kwa kupunguza pumzi mlio wake unafifia pole pole, na wachezaji wanasikia mashaka ndani yake. Sekunde hiyohiyo utaona beki anainua mikono.

Zoezi la kwanza: washiriki wajipange kwenye mstari wa pembeni, mita 3 kati ya mtu na mtu, wote wakitazama nje ya uwanja. Wapulize kumi kumi, siyo wote 30 kwa pamoja. La pili ndilo lenye faida zaidi. Mkufunzi anasimama mita 50, amewapa mgongo. Mshiriki anapuliza moja kati ya tatu: faulo ya kawaida katikati ya uwanja, penalti, au rafu inayokuja na kadi. Mkufunzi ataje ni ipi bila kugeuka. Akikosea, mwenye filimbi anarudia. Faulo ya kawaida ni pulizo moja fupi. Penalti ni ndefu na kali zaidi. Rafu ya kadi inaanza kwa nguvu na kukatwa ghafla, ili watu wasimame kabla hawajafikiana mashati.

La tatu ni mechi ndogo ya wanafunzi saba kwa saba, vipande vya dakika 10. Mmoja anachezesha, wawili wana vibendera, wa nne anakaa na daftari na kuandika kila filimbi: dakika, sababu, na kama ilihitajika. Kipimo ni mwongozo wa waamuzi uliomo kwenye kitabu cha Sheria za Mchezo. Miongoni mwa mengine, filimbi inahitajika kuanzisha kila kipindi, kusimamisha mchezo kwa faulo au penalti, kusimamisha au kumaliza mechi, na kuruhusu mpira uendelee baada ya kadi, majeruhi, mabadiliko, au pale ukuta uliposogezwa umbali wake. Kona iliyo wazi, mpira wa kurusha ulio wazi, goli kiki, bao lisilo na ubishi: havihitaji. Waamuzi wapya hupuliza kwa vyote hivyo, na ikifika penalti ya kweli filimbi yao imeshakuwa kelele ya kawaida. Daftari likisomwa mbele ya wenzake, mtu hujirekebisha kuliko akihubiriwa.

Humo humo ingiza kipengele kilichoanza msimu wa 2025/26: kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane, ni kona kwa wapinzani, na mwamuzi anainua mkono kuhesabu sekunde tano za mwisho. Walimu wengi bado wana ile ya sekunde sita na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Wafanye kwa vitendo: filimbi ikae mkono mmoja, mwingine uhesabu. Wengi hugundua hapo kwamba filimbi yao iko mkono usiofaa.

Tukija kwenye masikio, hapa ndipo Classic inapohitaji adabu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye 100 unabaki na dakika 15. Kwenye 115 ni chini ya nusu dakika kwa siku nzima. Vipulizo 40 vya nusu sekunde tayari ni sekunde 20, bado hujahesabu za majirani wawili kulia na kushoto. Kwa hiyo weka kikomo cha vipulizo 40 kwa mtu kwa siku katika mazoezi ya mstari, na nunua vizibo vya sponji vya masikio, jozi 35, ni vya bei ndogo kuliko fulana mbili. Darasani isipulizwe kabisa, hata "kuonyesha kidogo tu". Kuta za saruji na bati juu hurudisha sauti yote kichwani kwa watu.

Wavu ndio mchezo unaoonyesha tatizo wazi. Mwamuzi wa kwanza anapuliza kuruhusu kila sevu na kupuliza tena mpira unapokufa. Seti iliyoisha 25 kwa 20 ina pointi 45, yaani filimbi 90 kwa seti moja. Netiboli nayo haiko mbali: kila mpira wa kuanzia kati una filimbi yake, na mechi yenye mabao 60 hukupa hizo peke yake 60 hivi, kabla ya kuhesabu makosa. Kwa michezo hiyo, hasa ukumbini, Fox 40 Pearl yenye desibeli 90 inafaa zaidi. Sauti yake ni ya chini na haichomi. Kwa soka la uwanja wazi wenye upepo, hiyohiyo Pearl haitoshi. Usinunue aina moja kwa kozi nzima kwa sababu tu muuzaji amekupunguzia bei.

Filimbi za umeme, za kubonyeza kitufe, zina nafasi moja kwenye kozi: mazoezi ya kupokezana, kwa kuwa hazigusi mdomo. Zaidi ya hapo sizipendi. Kidole kinabonyeza kwa nguvu ileile kwa faulo ndogo na kwa penalti, kwa hiyo lile zoezi la mita 50 halifanyiki. Betri nayo ikiisha haitoi taarifa.

Acme Thunderer, ile ya gololi ya kizibo iliyobuniwa na Joseph Hudson wa Birmingham mwaka 1884, isitupwe. Mwenye pumzi iliyozoea anaweza kuifanya inong'one au iunguru, jambo ambalo Fox 40 hailiwezi. Na ina kazi nyingine muhimu kwenye mashindano ya shule, ambako viwanja viwili vitatu vinapakana na mechi zinakwenda sambamba. Wote wakiwa na Classic, filimbi ya uwanja A inawasimamisha wachezaji wa uwanja B. Sheria zinasema filimbi ya nje ikiingilia mchezo, mwamuzi asimamishe na kuanza kwa mpira wa kudondosha. Mara ya nne kwa kipindi kimoja makocha watakuwa wameshaingia uwanjani. Panga tangu kwenye kozi: uwanja A Classic, B Thunderer, C aina ya tatu yenye noti ya chini. Wachezaji wapuliziwe zote wakati wa kupasha misuli ili wajue yao ni ipi. Kubadilisha rangi hakusaidii, noti ni ileile.

Kamba za shingoni zinazouzwa pamoja na filimbi zifunguliwe. Kwa soka, filimbi ikae mkononi kwa kamba fupi ya kifundo au pete ya kidole. Muda wa kuinua mkono hadi mdomoni ndio unaompa mwamuzi nafasi ya kuona kama faida inatokea, yaani kama timu iliyochezewa rafu inanufaika zaidi mchezo ukiendelea. Mwenye filimbi mdomoni ameshapuliza kabla mshambuliaji hajainuka na mpira wake. Kwenye kikapu, ambako wengi wanakimbia nayo mdomoni, kamba ya shingoni inaruhusika lakini iwe ya aina inayoachia ikivutwa.

Kusafisha: maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushwe matundu yakiangalia chini. Usiichemshe, mshono unaweza kupinda na hewa ikaanza kuvuja. Thunderer isilowekwe, kizibo kinavimba. Jina la mshiriki usiliandike kwa kalamu ya wino, mate na jasho hulifuta kabla ya chakula cha mchana. Zungushia utepe wa umeme kwenye kipete cha kamba, uandike namba juu yake, na namba hiyo iwe ileile iliyoko kwenye orodha ya mahudhurio. Zile nne za akiba akae nazo mkufunzi mwenyewe, siyo ofisini, kwa sababu itakayohitajika itahitajika mechi ikiwa inaendelea.