Iran Awakening ya Shirin Ebadi, katika nakala ya mtumba

Nakala yangu ya Iran Awakening, kumbukumbu za wakili Shirin Ebadi zilizochapishwa mwaka 2006, niliinunua kwa shilingi 400 katika kibanda cha vitabu vya mitumba karibu na Mwembe Tayari. Gundi ya mgongoni imeachia, na kurasa za katikati zilinidondokea miguuni ndani ya feri ya Likoni, jambo ambalo muuzaji hakulitaja aliponihakikishia kwamba kitabu ni kizima. Hata hivyo fedha zangu sizijutii.

Kitabu kinaanza mwaka 2000, Ebadi akiwa ameinamia mafaili ya kesi ya Dariush na Parvaneh Forouhar, mume na mke waliokuwa wapinzani wa serikali, waliouawa nyumbani kwao Tehran mnamo Novemba 1998. Mawakili wa familia za waliouawa walipewa siku kumi tu za kuyapitia. Katika kupekua, akakutana na karatasi iliyosema kwamba atakayefuata kuuawa ni yeye mwenyewe, na kwamba kazi hiyo isifanywe ndani ya Ramadhani, bali wakati wowote baada yake. Nilikirudia kifungu hicho mara tatu, kisha nikakifunga kitabu hadi tulipofika ng'ambo.

Mwaka 1975 Ebadi alikuwa hakimu aliyeongoza mahakama mjini Tehran. Baada ya mapinduzi ya 1979 wanawake waliambiwa hawafai kuhukumu, naye akashushwa kuwa karani katika mahakama ileile. Lakini sehemu niliyoipenda kuliko zote inahusu nyumba yake. Sheria mpya zilipompa mume mamlaka juu ya talaka na watoto, Ebadi aliona kwamba yeye na mumewe, Javad, si sawa tena, na Javad akakubali waende kuandikisha hati inayompa mke haki ya kuachana na ya kubaki na watoto. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya kadhi, akisubiri jina lake liitwe huku bahasha ya vyeti iko mapajani, ataona uzito wa karatasi hiyo kuliko wa hotuba yoyote. Ebadi hasemi dini iwekwe kando. Anadai kwamba sheria ya Kiislamu inaweza kufasiriwa kwa namna inayomtendea mwanamke haki, na hoja hiyo anaijenga kwa kesi, si kwa makelele.

Ila kurasa za historia, tangu kupinduliwa kwa waziri mkuu Mosaddegh mwaka 1953 hadi vita na Iraq, zinakwenda mbio, na mara nyingi zinamweleza msomaji wa Marekani kuliko mimi. Si ajabu: vikwazo vya nchi hiyo vilizuia kitabu kuchapishwa huko, na mwandishi alilazimika kuishtaki serikali ya Marekani mwaka 2004.

Pia simulizi inakomea mapema. Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2003 imo, lakini msomaji atalazimika kutafuta kwingine habari za kituo chake cha haki za binadamu kilichofungwa mwaka 2008, za maisha yake ya uhamishoni tangu 2009, na za Narges Mohammadi, mwenzake wa kituo hicho, aliyepewa tuzo hiyohiyo mwaka 2023 akiwa gerezani.

Nakala yangu nimeishona kwa uzi mnene, na mpwa wangu anayesomea sheria ameshaiomba.