Viza za kukaa muda mrefu Thailand: ipi ununue, ipi uiache

Kila wiki kuna mtu ananitumia meseji, "kaka nataka kuhamia Bangkok, viza ipi rahisi?", na wengi wanaangalia ada tu. Ada ni kidogo. Kinachouma ni hela utakayoambiwa iachwe imelala benki, na asubuhi utakazopoteza kwenye foleni ya Uhamiaji. Mimi nazipanga kwa hayo mawili.

1. DTV (Destination Thailand Visa), ya wanaofanya kazi onlaini. Ilianza Julai 2024 na kwangu ndo ya kwanza bila ubishi kama kazi yako unafanyia kwenye laptop na anayekulipa yuko nje ya Thailand. Ada ni kama baht 10,000, balozi zinapishana kidogo, afu inaishi miaka 5 na kila ukiingia unagongewa siku 180. Unaonyesha akaunti yenye baht laki 5, yaani kama dola 15,000 hivi, pamoja na mkataba wa kazi, na uzuri wake hiyo hela hakuna anayekulazimisha uifunge benki ya Kithai. Huna kazi ya onlaini? Kuna mlango wa kujifunza muay thai, mapishi ya Kithai au kuja kutibiwa. Mke, mume na watoto chini ya miaka 20 wanaombewa pia, ila kila mmoja analipiwa yake. Sasa angalieni hapa: unaiomba ukiwa nje ya Thailand, na huruhusiwi kuajiriwa na kampuni ya humu ndani. Na ile michezo ya Wazungu ya kuvuka daraja la Nong Khai kwenda Laos siku zikiisha wakarudi jioni wagongewe siku mpya, sisi wenye pasi za Afrika hakikisha kwanza kama huyo jirani anakupokea mpakani, usije ukakwama katikati ya daraja na begi lako.

2. Ya wastaafu. Ukifika 50 hii ni nzuri sana, mzee wako wa pensheni mwambie. Uwe na baht 800,000 benki ya Thailand au kipato cha 65,000 kwa mwezi. Hiyo laki 8 iwe imekaa miezi 2 kabla ya kurinyuu, isiguswe miezi 3 baada ya hapo, na mwaka uliobaki isishuke chini ya laki 4. Kurinyuu ni baht 1,900 tu kwa mwaka, bei ya chakula cha watu watatu mjini! Lakini siku yenyewe sasa. Unaamka alfajiri, unapita benki kuprinti kitabu cha akaunti kisome tarehe ya leo hiyohiyo, barua ya benki mkononi, fotokopi za pasi kila ukurasa na kila moja umeweka sahihi, ndo unaelekea Chaeng Wattana, ofisi ya Uhamiaji ya Bangkok, unafika unakuta watu wameshapanga mstari kama wa mafuta. Nimeona mzee amerudishwa kwa sababu kitabu kimesoma jana. Na ukitaka kusafiri chukua kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000 mara moja au 3,800 mara nyingi, ukitoka bila hicho siku zako zote zimekufa. Ukiwa umeoa au umeolewa na Mthai hesabu ni nusu, laki 4, na umri hawakuulizi.

3. Non-B, ya kazi. Hii hununui wewe, anakununulia mwajiri, na kwa kawaida kampuni iwe na mtaji wa baht milioni 2 na Wathai 4 kwa kila mgeni mmoja. Kima cha chini cha mshahara kwenye kanuni zao kinategemea pasi, Mzungu wa Ulaya Magharibi baht 50,000 kwa mwezi, Mwafrika (ukiacha wa Afrika Kusini) 25,000. Mi nimemaliza. Ubaya wake ukigombana na bosi viza nayo inaondoka na kazi.

4. LTR (Long-Term Resident), ya wenye kipato kikubwa. Miaka 10, ada baht 50,000, unaripoti anwani mara moja kwa mwaka badala ya kila siku 90. Ukiwa nayo umeula. Ila kwa wengi wanataka kipato cha dola 80,000 kwa mwaka, kwa hiyo tusipoteze muda.

5. Thailand Privilege, yaani uanachama wa kulipia unaokuja na viza. Kifurushi cha chini kabisa ni baht 650,000 kwa miaka 5, na hiyo hela hairudi. Piga hesabu, ni kama 10,800 kila mwezi, kodi ya chumba kizuri tu pembeni ya mji, kwa ajili ya muhuri. Kwa mwenye hela na asiyependa foleni sawa.

Ya mwisho, na naiweka mwisho makusudi, ni ED, viza ya wanafunzi, ya kusoma lugha. Inaonekana ya bei rahisi, ila jamaa yangu mmoja alilipa ada ya mwaka mzima, darasani akawa anaenda mara mojamoja, siku ya kuongeza muda afisa akamgeuzia karatasi akamwambia soma hapa. Alisoma "sawasdee" akaishia hapo. Kama kweli unataka Kithai, nenda. Kama ni kisingizio, watakunasa.

Vyovyote utakavyochagua, ukitokea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo beba kadi ya njano ya homa ya manjano. Ukilala nchini zaidi ya siku zako ni baht 500 kwa siku mpaka 20,000, na ukizidisha siku 90 unapigwa marufuku kurudi hata ukijisalimisha mwenyewe. Ukifikisha siku 180 ndani ya mwaka wa kalenda wanakuhesabu mlipa kodi, na tangu 2024 kipato cha nje unachokiingiza kinaweza kuguswa. Halafu nyumba: mwenye nyumba anatakiwa akuripoti kwa fomu ya TM30 ndani ya saa 24, bila hiyo kaunta wanakuzungusha. Muulize kabla hujatoa depoziti, akianza kuchekacheka na kubadilisha mada tafuta chumba kingine.