Darsa ya akina mama ya Suratul Hujurat, Unguja mjini: naipendekeza, ila suluhu ipewe nafasi

Mwenye kutafuta darsa inayogusa mambo ya majumbani mwetu, hii ya Alkhamisi baada ya Alasiri inamfaa. Inasomeshwa Suratul Hujurat, sura ya 49, yenye aya 18 tu, na ustadha haendi mbio. Aya ya 6, ya kuhakikisha habari kabla ya kuiamini, ilichukua kikao kizima. Alituuliza: ile sauti ya WhatsApp inayomsema mke wa jirani, nani kairekodi, na wewe umeshampelekea nani?

Kilichonikaa zaidi ni aya ya 12, inayokataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Wapo wanawake wanaoamini kwamba kumshitaki mume anayenyima matumizi ni kumsengenya, basi wanaumia kimyakimya. Ustadha akatuletea hadithi ya Hind binti Utba, aliyemwambia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bakhili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe. Mtume hakumkemea. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha, kwa wema. Kisha tukasomewa mambo sita ambayo Imam Nawawi ameyataja kuwa yanaruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, la kwanza likiwa aliyedhulumiwa kupeleka shauri lake kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Sijapata kulisikia jambo hili likielezwa waziwazi namna hii mbele ya wanawake. Hilo peke yake lastahiki nauli ya daladala.

Spika inakoroma, na maswali huliwa na Magharibi. Hayo yanavumilika. Linaloniuma ni kwamba aya za 9 na 10, za kusuluhisha, zilipitwa upesi mno. Tuliambiwa kupatanisha ni wajibu. Hatukuambiwa mtu anaanzaje, amsikilize nani mwanzo, wala afanye nini mmoja akikataa kuja. Aya ya 9 inataka suluhu ya uadilifu, na kwetu suluhu nyingi ni kumwambia mdogo amwombe radhi mkubwa, yakaisha. Hayaishi! Yanalala tu mpaka harusi au msiba mwengine.

Kazi ya nyumbani tuliyopewa ni nzuri sana: kumtolea salamu mtu mlionuniana, kwa kuwa si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Mimi nilimpigia wifi yangu. Tukaulizana hali za watoto. Habari ya nyumba ya urithi bado hatujaigusa.

Ada hakuna, kuna kikapu cha mchango wa umeme. Chukua msahafu wenye tafsiri. Wenye maumivu ya magoti wawahi, viti ni vichache na viko karibu na mlango. Inayofuata ni Suratu Luqman, na ombi langu kwa ustadha ni kwamba kabla ya kuianza, aturudishe kwenye aya ya 9 kwa kikao kizima.