Baraza la kaunti la Ayalandi: uchaguzi mzuri, madaraka machache

Anayehamia Ayalandi hukutana na baraza la kaunti mapema kuliko anavyokutana na wizara yoyote ya serikali. Baraza ndilo linalotunza orodha ya wanaosubiri nyumba za umma, linalotoa vibali vya ujenzi, na linalosimamia barabara za kawaida, maktaba, zimamoto na viwanja vya michezo vya watoto. Polisi na hospitali haziko chini yake. Kwa kuwa ni huduma inayoendeshwa kwa kodi zetu na kwa kura zetu, naona inastahili kupimwa kama huduma nyingine yoyote, na tathmini yangu ni kwamba namna ya kumchagua diwani imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, ilhali madaraka anayokabidhiwa baada ya kuchaguliwa ni madogo mno.

Nianze na lililo bora kabisa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, hakuna anayeulizwa pasipoti ya nchi gani anayo. Mtu yeyote aliyefikisha miaka 18 na ambaye makazi yake ya kawaida yako katika eneo husika ana haki ya kupiga kura, na ana haki ya kugombea pia, awe raia, mfanyakazi mwenye kibali, mwanafunzi au mtu aliyeomba hifadhi. Kura ya bunge ni ya raia wa Ayalandi na wa Uingereza tu, na kura ya rais ni ya raia wa Ayalandi peke yao, kwa hiyo kwa wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huku, kura ya diwani ndiyo ya kwanza kuipata. Kujiandikisha mtandaoni kunahitaji namba ya PPS, yaani namba yako binafsi ya huduma za umma, tarehe ya kuzaliwa na Eircode, yaani msimbo wa posta, ya nyumba unayoishi. Inasikitisha kwamba katika uchaguzi wa tarehe 7 Juni 2024 takriban nusu tu ya walioandikishwa ndio waliojitokeza.

Karatasi ya kura ina picha ya kila mgombea, na majina yamepangwa kwa alfabeti. Badala ya kutia alama moja, unaandika 1 kwa umpendaye zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea mpaka unapotaka kukoma. Tuseme eneo lina viti 6 na kura halali ni 7,000: kura hizo hugawanywa kwa 7, yaani idadi ya viti na moja zaidi, kisha huongezwa moja, na hivyo anayefikisha 1,001 amepita. Kura zake za ziada huhamishiwa kwa wale walioandikwa wa pili, na anayeshika mkia huondolewa, karatasi zake zikagawanywa vivyo hivyo, duru baada ya duru, mpaka viti vijae. Hesabu hufanywa kwa mikono, mara nyingi katika ukumbi wa michezo, na mawakala wa vyama huegemea uzio masanduku yanapofunguliwa, kalamu mkononi, wakihesabu namba 1 wanazoziona ili wajue mwelekeo kabla ya kutangazwa lolote. Ni kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa, na kwangu inastahili kila saa, kwa sababu aliyempenda mgombea asiye na nafasi hapotezi kura yake na mgombea wa kujitegemea hushindana kweli na vyama vikubwa. Mfumo huu ulijaribiwa Sligo mwaka 1919 na kuenezwa katika mabaraza yote mwaka uliofuata.

Kuhusu muundo, nchi ina mabaraza 31: ya kaunti 26, ya majiji 3 ambayo ni Dublin, Cork na Galway, na 2 ya jiji na kaunti kwa pamoja, Limerick na Waterford. Madiwani wote ni 949, nao huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mgawanyo wao haulingani hata kidogo, kwani Leitrim yenye watu takriban 35,000 ina madiwani 18, wakati Fingal yenye zaidi ya 330,000 ina 40. Mageuzi ya mwaka 2014 yalifuta mabaraza 80 ya miji, na mimi nayahesabu kuwa hasara kubwa. Rotimi Adebari, mzaliwa wa Nigeria aliyefika akiomba hifadhi, alianzia katika baraza la mji wa Portlaoise na mwaka 2007 akawa meya wake, meya wa kwanza mweusi nchini. Baraza hilo halipo tena. Njia haikufungwa kabisa, maana mwaka 2019 Yemi Adenuga alichaguliwa katika kaunti ya Meath, lakini kampeni ya kaunti humtaka mgombea ajulikane katika eneo kubwa zaidi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye madaraka. Madiwani hupitisha bajeti, mpango wa maendeleo wa kaunti na sheria ndogo, na wanaweza kupandisha au kushusha kiwango cha kodi wanayotozwa wenye nyumba ndani ya mipaka iliyowekwa na sheria. Kazi za kila siku, yaani nani apewe nyumba, nani apate kibali cha kujenga, wafanyakazi wapangiwe wapi, ni za mkurugenzi mtendaji, ambaye huajiriwa na hapigiwi kura. Mwenyekiti wa baraza huchaguliwa na madiwani wenzake kwa mwaka mmoja tu, na muda huo hautoshi kusukuma jambo lolote zito. Hata bajeti ina waziri juu yake: mwaka 1969 baraza la jiji la Dublin lilivunjwa kwa kukataa kuweka kiwango cha kodi kilichotakiwa. Limerick pekee ndiyo iliyopata meya aliyechaguliwa moja kwa moja na wananchi, John Moran, mwaka 2024, na natamani kaunti nyingine zipewe nafasi hiyo.

Kasoro nyingine ni kwamba kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, madiwani huteua mtu wa kukijaza bila uchaguzi mdogo, na kwa kawaida chama kilichokuwa na kiti ndicho kinacholeta jina.

Kwa anayetaka kuitumia huduma hii leo, ushauri wangu ni huu. Shimo la barabarani mwandikie ofisi ya wilaya ya manispaa yako, yaani sehemu ya kaunti unamoishi, na umpe diwani nakala. Ukipinga jengo linaloombewa kibali jirani nawe, usimtegemee diwani, kwa sababu uamuzi si wake. Peleka maoni yako kwa maandishi ndani ya wiki tano tangu ombi lipokelewe, na ulipe ada ya yuro 20. Mpango wa maendeleo wa kaunti unapofunguliwa kwa maoni, hapo ndipo pa kumbana diwani wako, kwa kuwa kura ya kuupitisha ni yake, na kutoa maoni ni bure.